Pesa za Ratiba: Kumwelewa Walter Annenberg, mchapishaji, balozi na mtoa sadaka

Meg Whitman alipoletwa Nairobi mwaka 2022 kuwa balozi wa Marekani, barazani kwetu Lamu watu waliulizana: huyu si yule mama wa eBay na kompyuta za HP? Tajiri wa biashara amefikaje ubalozini bila kupandia ngazi za wizara ya mambo ya nje? Wazee wakamtaja Smith Hempstone, mwandishi na mhariri wa gazeti aliyeletwa Kenya mwaka 1989, akavutana na serikali ya Rais Moi juu ya vyama vingi hadi jina lake likajulikana mpaka vijijini. Mmoja alitoka kwenye mauzo, mwingine kwenye magazeti, na wote wawili hawakuwa mabalozi wa kusomea.

Desturi hiyo Marekani ni kongwe, na anayeifafanua vizuri kuliko wote ni marehemu Walter Annenberg. Alizaliwa Milwaukee mwaka 1908, akafariki 2002 akiwa na miaka 94. Katikati hapo alimiliki magazeti, majarida na vituo vya televisheni, akawa balozi London kwa miaka mitano, kisha akatoa kwa shule, vyuo na makumbusho zaidi ya dola bilioni 2. Wengi humsimulia kwa vipande vitatu, kana kwamba ni watu watatu walioshika pasipoti moja. Mimi naona alifanya kazi ile ile maisha yake yote. Hakuwa mtunzi wala mvumbuzi. Alikuwa mtu wa njia: alikaa pale kitu kinapopita kikienda kwa wanaokitaka, akatoza. Na alipoanza kutoa, alitoa vivyo hivyo, akiwa amekaa pale pale njiani.

Tuanze na baba yake, maana bila Moses Annenberg hadithi haishikiki.

Moses alizaliwa Prussia Mashariki katika familia ya Kiyahudi, akafika Chicago angali mdogo, na familia yao ilikuwa maskini. Ajira iliyomtoa ilikuwa ya kusambaza magazeti ya William Randolph Hearst. Usambazaji wa Chicago enzi zile ulikuwa vita. Makampuni yaligombea kona za barabara, vijana wa kazi walipigana, na mwenye kibanda aliyeuza gazeti la mpinzani alijua atakachofanywa. Moses alijifunza pale jambo moja ambalo wahariri wengi hawalijui: gazeti zuri lisilofika mkononi mwa msomaji ni karatasi tu.

Mwaka 1922 alinunua Daily Racing Form, gazeti la wapenzi wa mbio za farasi. Humo hamna hotuba wala mashairi. Mna safu za tarakimu: farasi fulani alikimbia lini, umbali gani, uwanja ulikuwa mkavu au tope, nani alimpanda, alimaliza wa ngapi. Kijana wa leo anayekesha na simu akilinganisha mechi za mwisho za timu kabla ya kuweka mkeka anazijua raha na karaha za tarakimu hizo. (Kwetu punda hukimbizwa kando ya bahari siku za tamasha la utamaduni, na sifa zote humwendea mpandaji. Sijasikia mtu aliyetajirika kwa kuchapisha rekodi za punda.)

Kisha akaongeza huduma ya pili, na hiyo ndiyo iliyomtia matatani. Kupitia Nationwide News Service alikodi nyaya za simu na telegrafu zilizopeleka matokeo ya mbio nchi nzima dakika ile ile farasi anapovuka mstari. Wateja walikuwa wapokea dau, na katika majimbo mengi kazi yao ilikuwa haramu kisheria. Moses hakupokea dau la mtu, alichouza kwao ni wakati. Aliyepata matokeo mapema alikula, na aliyechelewa aliliwa. Hapa pwani jambo hili halihitaji maelezo marefu: nahodha hana amri juu ya bamvua wala maji mafu, lakini anayejua saa ya maji ndiye anayepanga nani anapita mkondo na nani anakwama kwenye mchanga na abiria wake.

Mwaka 1936 akanunua The Philadelphia Inquirer, gazeti la heshima, na kwa gazeti hilo akaingia siasani kuipinga serikali ya Rais Franklin Roosevelt. Serikali nayo ikafungua vitabu vyake vya hesabu. Mwaka 1939 alishtakiwa kwa kukwepa kodi ya mapato, kesi iliyotajwa wakati ule kuwa miongoni mwa kubwa kabisa za aina yake. Wapo waliosema ni kisasi cha kisiasa. Huenda kilikuwamo, lakini kodi ilikuwa haijalipwa, na mambo hayo mawili hayafutani. Walter naye alishtakiwa kwa kumsaidia baba. Mwaka 1940 Moses alikiri kosa, mashtaka ya mwanawe yakafutwa, na mzee akahukumiwa miaka mitatu pamoja na kulipa mamilioni ya dola. Alitolewa Juni 1942 akiwa mgonjwa, na Julai akafariki.

Walter alibaki na kampuni yenye madeni, jina lililochafuka, na dada saba, yeye akiwa mtoto wa kiume pekee. Alizaliwa na sikio moja lisilosikia, na kigugumizi hakikumwacha maisha yake yote. Chuo alikuwa ameacha bila shahada. Ofisini mwake aliweka kibao chenye dua fupi, akiomba kazi zake duniani ziliheshimishe jina la baba yake. Waandishi wa Marekani hukitaja kibao hicho kama jambo la ajabu kidogo. Kwa msomaji wa Lamu si ajabu hata chembe. Kila mtoto wa chuoni hapa ameisikia hadithi ya Mtume isemayo kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika ila tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Annenberg alikuwa Myahudi wala hakuisoma hadithi hiyo, lakini ukiyapanga matendo yake baada ya 1942 utadhani ndiyo aliyokuwa akiifuata, moja baada ya nyingine.

Kwanza ilibidi apate pesa, na hapa ndipo alipomzidi baba yake. Mwaka 1944 alianzisha Seventeen, jarida la wasichana, wakati ambapo wafanyabiashara wachache tu walimwona msichana wa miaka kumi na saba kuwa mteja. Kisha ikaja televisheni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 nyumba za Marekani zilikuwa zikinunua seti kwa kasi, na kila mji ulikuwa na vijarida vidogo vya kueleza kipindi gani kinatoka saa ngapi, katika kituo gani. Annenberg alinunua vile vya miji mikubwa, akavifanya kimoja. Tarehe 3 Aprili 1953 likatoka toleo la kwanza la TV Guide, likiwa na picha ya mtoto mchanga wa mwigizaji Lucille Ball.

Ujanja ulikuwa kiwandani. Kurasa za nje, zenye makala na picha za rangi, zilichapwa za aina moja kwa nchi nzima. Kurasa za ndani, zenye ratiba, zilichapwa tofauti kwa kila eneo, kisha zikabandikwa katikati. Msomaji wa Chicago alipata vipindi vya Chicago, wa Philadelphia vya Philadelphia, na mwenye tangazo la sabuni alilipa mara moja akawafikia wote. Hakuna siku ambayo jarida hilo lilitengeneza kipindi kilichofanya watu wapange foleni kulinunua. Liliuza ratiba ya kazi za watu wengine, kwa senti chache, kila wiki, bila kukoma. Kufikia miaka ya 1970 nakala zake zilikaribia milioni 20 kwa wiki. Ukizidisha kwa wiki za mwaka unapata bilioni moja. Mwana alifanya kwa televisheni kile ambacho baba alifanya kwa farasi, ila safari hii hapakuwa na haramu.

Sasa tuingie jikoni kwenye moshi. Mwenye njia anaweza pia kuifunga, na Annenberg aliifunga mara nyingi. Katika chumba cha habari cha Inquirer ilijulikana kwamba kulikuwa na majina yasiyotajwa gazetini kwa sababu tu mwenye gazeti hawapendi wenye majina hayo. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Milton Shapp, aliyegombea ugavana wa Pennsylvania mwaka 1966. Shapp alipinga kuunganishwa kwa makampuni mawili ya reli, na katika moja ya hayo Annenberg alikuwa mwanahisa mkubwa. Mwandishi wa Inquirer akamuuliza Shapp kama aliwahi kulazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Akajibu hapana, ambalo ndilo jibu la kweli. Kesho yake kichwa cha habari kikasema Shapp akana kulazwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Soma tena hiyo mbinu. Hakuna uongo ndani yake hata neno moja, na mtu amekwisha. Shapp alishindwa mwaka ule, akaja kushinda 1970, na wakati huo Annenberg alikuwa amekwisha kuliuza gazeti. Mwaka 1967 jarida moja la mji huo lilifichua kwamba mpelelezi maarufu wa Inquirer alikuwa kwa miaka akiwatoza watu pesa ili asiwaandike. Mwenye gazeti hakudaiwa kushiriki. Lakini nyumba ambayo mkubwa wake anatumia kalamu kulipiza visasi ni rahisi kwa mdogo wake kuitumia kujaza mfuko.

Pwani yetu ilikuwa na mchapishaji wa namna nyingine kabisa. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Mombasa gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha al-Islah mwaka 1932. Hakutajirika kwa hayo. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, tangu 1937 hadi alipofariki 1947. Naye pia gazeti lilimtangulia na cheo kikafuata, lakini kilichompandisha ni elimu yake, na magazeti yake yalikuwa tawi la elimu hiyo. Aga Khan wa nne naye, tajiri na mfadhili, alianzisha shughuli za magazeti ya Nation na Taifa tunazozijua mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, lakini hakuhitaji gazeti kumpa heshima, maana alikwisha kuzaliwa nayo. Annenberg alikuwa kati ya hao wawili: pesa anazo, heshima hana, na gazeti lake limempa maadui kuliko marafiki. Ndipo mwaka 1969 Rais Richard Nixon, rafiki yake wa siku nyingi, alipomteua balozi London.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Rais wa Marekani humteua balozi na Baraza la Seneti humthibitisha. Wengi wa mabalozi ni watumishi wa wizara waliopanda ngazi, lakini sehemu, takriban theluthi, huwa ni watu wa rais: marafiki, wanasiasa, wachangiaji wa kampeni. Hao huonekana zaidi katika miji yenye raha kama London, Paris na Roma. Sababu ya kwanza ni shukrani, hakuna haja ya kuificha. Ya pili ni gharama. Karamu za balozi London hazikuwahi kutoshelezwa na fungu la serikali, na mwenye mali yake hatumii muda kuhesabu sahani. Kabla ya Annenberg walipita pale wenye magazeti wengine: Whitelaw Reid wa New York Tribune, aliyekaa tangu 1905 hadi kifo chake 1912, na John Hay Whitney, balozi wa 1957 hadi 1961, ambaye alilichukua New York Herald Tribune angali ubalozini.

Mpaka wa halali na haramu hapo ni mwembamba. Kumteua aliyekuchangia si kosa. Kumuuzia cheo ni kosa, na mwaka 1974 wakili wa Nixon mwenyewe, Herbert Kalmbach, alikiri mahakamani kwamba alimwahidi mfadhili mmoja ubalozi bora zaidi kwa mchango wa dola 100,000. Sheria ya mwaka 1980 ikaja kusema mchango wa kampeni usiwe kigezo cha kuteua balozi. Desturi iliendelea, kwa adabu zaidi.

London ilimpokea Annenberg kwa kicheko. Alikuwa akichukua nafasi ya David Bruce, mwanadiplomasia aliyependwa sana, na siku ya kumkabidhi Malkia hati zake kamera za televisheni zilikuwapo, maana filamu ya familia ya kifalme ilikuwa ikipigwa. Malkia akamuuliza swali jepesi kuhusu makazi yake. Nyumba ya balozi ilikuwa ikitengenezwa, basi jibu lingeweza kuwa hilo. Lakini mtu mwenye kigugumizi hujifunza kukwepa maneno yanayomnasa kwa kuzunguka, na Annenberg alizunguka mbali: alisema yuko katika makazi ya ubalozi, chini ya baadhi ya adha zitokanazo na haja ya vipengele vya ukarabati na urekebishaji. Waingereza mamilioni waliiona filamu hiyo mwaka 1969, na sentensi ile ikawa mzaha wa mji.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichobadilisha mambo, nacho ni cha mtu anayejua njia. Hakujitetea magazetini. Winfield House, nyumba ya balozi iliyoko Regent's Park, nayo asili yake ni zawadi: Barbara Hutton, mrithi wa maduka ya Woolworth, aliikabidhi serikali ya Marekani kwa dola moja baada ya Vita vya Pili. Annenberg aliikarabati kwa takriban dola milioni 1 kutoka mfukoni mwake, akawaonyesha watu wa London picha zake za wachoraji wakubwa wa Ufaransa katika jumba la Tate, akawaalika watu, akawasikiliza. Mkewe Leonore, aliyeitwa Lee, alikuwa na kipaji cha ukarimu ambacho mumewe hakuwa nacho, na baadaye, mwaka 1981, Rais Reagan alimfanya mkuu wa itifaki wa Marekani. Walipoondoka mwaka 1974 waliokuwa wakicheka walisikitika. Mwaka 1976 Malkia alimpa Annenberg nishani ya heshima ya daraja la Sir, na mwaka 1983 akamtembelea nyumbani kwake Sunnylands, katika jangwa la California.

Je, alifanya diplomasia ya maana? Sioni mkataba wenye alama ya mkono wake. Kazi yake ilikuwa kuweka mlango wazi kati ya watu wenye uwezo wa kuzungumza, na kwa balozi hiyo si kazi ndogo. Ila tusiipambe: mlango huo ulifunguka kwa sababu alikuwa na pesa za kuununulia mazulia.

Mwaka 1988 alimuuzia Rupert Murdoch kampuni yake ya Triangle, ikiwa na TV Guide, Seventeen na Daily Racing Form, kwa takriban dola bilioni 3. Mwaka uliofuata akaanzisha Annenberg Foundation kwa mtaji wa dola bilioni 1.2. Hapa ndipo wasomaji wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo twende taratibu.

Tajiri wa Marekani anapoweka mali katika taasisi ya hisani ya binafsi, anapunguziwa kodi, na faida ya mali hiyo inayozaliwa ndani ya taasisi hutozwa kidogo sana. Kwa hiyo sehemu ya kile kinachoitwa zawadi ya tajiri ni kodi ambayo hazina ya umma imekubali kuiacha. Kwa malipo hayo serikali huweka masharti. Sheria ya kodi ya mwaka 1969, mwaka ule ule Annenberg alipokwenda London, iliyabana masharti hayo, na kiwango kilichokuja kuzoeleka ni kwamba taasisi itoe takriban 5% ya thamani ya mali yake kila mwaka. Kwa mtaji wa bilioni 1.2 hiyo ni dola milioni 60. Zile 95% hubaki zikizalisha. Mwanzilishi anaweza kukaa kwenye bodi, akaweka watoto wake, na bodi ikachagua mwaka huu isaidie shule, mwaka ujao hospitali.

Wakf yetu inafanana na hiyo kwa sura, si kwa mifupa. Mwenye kuweka wakf, tuseme duka mtaa wa Mkomani au shamba la minazi, huifunga mali yenyewe: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Kinachotumika ni mazao yake tu, na yote hutumika, si asilimia tano. Yeye mwenyewe hana tena milki. Mtawali ni msimamizi, na mafakihi wana kanuni maarufu kwamba sharti la mwenye kuweka wakf ni kama matini ya Sharia: akisema mafuta ya taa ya msikiti, ni mafuta ya taa. Vitabu pia huwekwa wakf. Katika hati za zamani za Msikiti wa Riyadha, alioujenga Habib Swaleh, hati ambazo zimepigwa picha na kuhifadhiwa kidijitali kwa msaada wa maktaba ya taifa ya Uingereza, utakuta kitabu kimeandikwa wakf kwenye kurasa za mwanzo, na ndiyo maana kilivuka mikono ya walimu na wanafunzi vizazi kadhaa bila kuuzwa.

Kenya ina Tume ya Wakf, na sheria ya mwaka 1951 ilizirudishia nguvu wakf za kifamilia ambazo mahakama za kikoloni zilikuwa zikizibatilisha kwa mizani ya Kiingereza. Lakini kila mkazi wa pwani anajua udhaifu wake. Mtawali akilala, kodi ya nyumba hubaki ile ya zama za babu, minazi huzeeka bila kupandwa mingine, hati hupotea. Wala tusijidai wasafi kuhusu chimbuko la mali. Mashamba ya Malindi yaliyoistawisha pwani kuanzia miaka ya 1860, kwa mtama na ufuta uliopakiwa majahazini, yalilimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria hapa hadi 1907. Anayemkumbusha Annenberg mbio za farasi za baba yake aanze kwa kuuliza nani alipanda ufuta wa babu yake.

Turudi kwenye zawadi zenyewe. Mwezi Juni 1993 alitangaza dola milioni 365 kwa mkupuo: milioni 120 kwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, milioni 120 kwa kile cha Southern California, milioni 25 kwa Harvard, na milioni 100 kwa Peddie, shule ya bweni ya New Jersey alikosoma yeye mwenyewe. Vyuo viwili vya mwanzo vilikuwa tayari na skuli zake za mawasiliano, ya kwanza tangu 1958. Mtu aliyemwangamiza mgombea kwa kichwa cha habari ndiye aliyejenga skuli inayofundisha namna vichwa vya habari vinavyowaangamiza wagombea. Sidhani alikusudia kejeli hiyo. Miaka mitatu kabla alikuwa amevipa vyuo vya Wamarekani weusi dola milioni 50. Picha zake zaidi ya hamsini, zenye thamani iliyokadiriwa kuwa dola bilioni 1, aliziahidi Makumbusho ya Metropolitan ya New York mwaka 1991, kwa sharti kwamba zikae pamoja. Hapo alikaribia kabisa wakf.

Zawadi iliyojaribiwa zaidi ilitangazwa Ikulu ya Washington Desemba 1993, Rais Clinton akiwa pembeni: dola milioni 500 kwa shule za umma. Annenberg hakukabidhi shule pesa moja kwa moja. Kila mji ulitakiwa kutafuta fedha nyingine za kulinganisha na zake, za serikali na za watu binafsi, na chombo kipya kikaundwa katikati kuzigawa. Unaiona ile tabia? Hata katika kutoa, alijenga njia, akaweka mlango wa kuingilia.

Chicago ilipata takriban dola milioni 49. Mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya mradi huo, mwaka 1995, alikuwa wakili kijana ambaye watu wa Kogelo wanamjua vizuri: Barack Obama. Fedha ziligawiwa kwa mitandao mingi ya shule, kila moja ikipata kiasi kidogo. Watafiti waliofuatilia walikuta kwamba, ukizitazama shule zote za mradi kwa jumla, matokeo ya wanafunzi hayakutofautiana na ya shule zisizokuwamo. Walimu walipata mafunzo, wazazi walikutana, ila alama hazikupanda kuliko za majirani. Zawadi kubwa kuliko zote kwa shule za umma hadi wakati ule ilitawanyika kama mvua juu ya mchanga, na makumbusho, yaliyopewa kitu kimoja chenye sharti moja, yanacho mpaka leo ukutani.

Obama alirudi kwenye mali ya Annenberg kwa mlango mwingine. Mwaka 2013, akiwa rais, alikutana na Xi Jinping wa Uchina Sunnylands, nyumba ambayo sasa inaendeshwa na amana iliyoachwa na wenyewe kwa ajili ya mikutano ya namna hiyo. Njia ya balozi ilikuwa bado inapitika, mwenyewe akiwa amezikwa pale pale bustanini pamoja na mkewe.

Annenberg Foundation ilipita kwa Lee, aliyefariki 2009, kisha kwa binti wa Walter, Wallis, aliyefariki Julai 2025, na sasa wajukuu wamo uongozini. Wallis alipenda wanyama. Moja ya miradi aliyoichangia ni daraja pana lililopandwa nyasi na vichaka, lililoanza kujengwa 2022 juu ya barabara kuu ya 101 karibu na Los Angeles, ili simba wa milimani wavuke bila kugongwa na magari. Mtawali wa Lamu angeyapeleka mafuta ya taa ya msikiti kwa simba, angefikishwa kwa kadhi kabla ya Ijumaa. Huko California bodi ilipiga kura tu, na pesa za ratiba zikaenda.